Land Rover ya baba yanusurika kuwa sufuria, kasheshe yabaki kwenye stelingi

KUNA magari hapa Mwanza yanauzwa kwa kilo kama sangara. Ukipita Igogo au Nyakato asubuhi utakutana na mkokoteni umebeba mlango, boneti na kipande cha madigadi, vyote vimekunjwa kama chapati, vinapelekwa kwenye mizani. Land Rover za zamani ndizo zinazotolewa macho zaidi na wanunuzi wa vyuma chakavu, na sababu si siri: bodi yake kwa sehemu kubwa ni aluminiamu. Waingereza walipoionyesha mara ya kwanza kule Amsterdam mwaka 1948 walikuwa wametoka vitani, chuma kinagawiwa kwa kibali, aluminiamu iliyokuwa ikitumika kwenye ndege imebaki. Wakatumia kilichokuwepo. Leo aluminiamu ile ile inayeyushwa uswahilini, inakuwa sufuria la kupikia ubwabwa wa harusi.

Hii tunayoizungumzia hapa ilibakiza kidogo tu kuingia jikoni. Ni Land Rover 109, Series III, toleo lililotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. (Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kwa wale waliodhani ni namba ya bahati.) Mwenyewe aliinunua mnadani enzi zake, akaitesa barabara ya Shinyanga mpaka mwaka 2009 miguu ilipoanza kumgomea, akaiegesha chini ya mwembe nyumbani kwake Mkolani. Hapo ikalala. Mzee alipofariki kikaitishwa kikao cha familia, na shangazi mmoja akasema wazi kwamba gari linakula nafasi, kuku wanatagia kiti cha mbele, na jamaa wa vyuma chakavu ameshapita mara mbili kuulizia.

Ndipo akasimama kijana wa mwisho wa marehemu, ana kibanda cha simu pale Makoroboi, akaomba wampe mpaka Krismasi. Wakakubaliana: likitoka getini kwa nguvu zake lenyewe, ni lake. Lisipotoka, mizani. Jina lake kaomba tusilitoe, maana shangazi zake ni wasomaji wazuri wa magazeti.

Washikaji kijiweni walimcheka, lakini tuseme ukweli, hizi gari zimepanda chati. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha zima la Land Rover, msafara mrefu uliolenga kuipiku rekodi ya Ujerumani ya mwaka 2018 ya magari 632. Tangu hapo mtoto wa mjini mwenye 109 inayotembea anauza sura kuliko mwenye Toyota ya juzi. Sasa neno ni hilo, "inayotembea". Kutembea ni rahisi. Kazi iko kwenye kukata kona.

INJINI SIYO KESI

Wengi wakinunua au kurithi kimeo cha namna hii wanaanza kuhangaika na injini. Injini ya petroli ya lita 2.25 ya 109 ni ngumu kama mzee wa kijijini: ipe moto, mafuta na hewa, itakohoa, itatema mate, itawaka. Ya kijana wetu iliwaka wiki ya pili. Mipira ya breki alibadilisha yote, klachi akaipigania mpaka ikakubali.

Kasheshe ilianza alipong'oa mazulia. Bodi ni aluminiamu, sawa, lakini chesisi ni chuma, na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva nao ni chuma. Mvua za miaka kumi na tano chini ya mwembe zilikuwa zimeula ukuta ule mpaka ukiingiza kidole kinatokea upande wa pili. Na stelingi yote ya 109 imejishikiza pale pale. Kwa hiyo ili mchomeleaji aweke bati jipya, ilibidi stelingi itoke.

Kwenye magari mengi ya leo shafti ya stelingi inashuka kutoka kwenye usukani, inaungana na boksi au raki kwa jointi, na unaweza kutoa kimoja ukaacha kingine. Kwenye 109 siyo hivyo. Shafti ni fimbo moja ya chuma, mwisho wake wa chini umechongwa kama skrubu na umezama ndani ya stelingi boksi. Skrubu inazunguka, nati iliyojaa gololi inapanda na kushuka juu yake, na ile nati ndiyo inayozungusha mkono ulioning'inia nje ya boksi. Mkono unasukuma fimbo ndefu kwenda mbele, kwenye kifaa ambacho mafundi wanakiita rilei, na rilei inazigawia tairodi. Kwa hiyo unapotoa shafti unatoa na boksi lake, mzigo mzima, na unapita kwenye nafasi ya tairi baada ya kufungua bati za madigadi. Ni kazi ya watu wawili, na mmoja wao awe na subira.

Kijana aliitoa kwa siku moja. Kuirudisha kulimla wiki tatu, na kidogo kumtie majonzi.

USUKANI UMENYOOKA, MATAIRI HAYANA HABARI

Wakati wa kutoa hakuweka alama. Hakuna alama kwenye mkono na boksi, hakuna alama kwenye usukani na shafti. Bati jipya likapakwa rangi, likapendeza, akaurudisha mzigo, akafunga bolti zote, akavaa usukani. Usukani ukakaa umepinda, mkono wake mmoja unaangalia dirisha. Akafanya wanachofanya wengi: akaung'oa usukani peke yake, akauhamisha meno machache, akaurudisha umenyooka vizuri kama wa dukani. Bomba kabisa, picha ikapigwa, ikasambazwa kwa ndugu.

Usanii mtupu. Usukani ni sahani tu iliyokaa juu ya fimbo. Kuunyoosha usukani hakunyooshi kitu chochote chini yake, ni sawa na kurudisha mishale ya saa iliyosimama.

Bahati yake, jirani alimwita mzee mmoja wa Nyakato, mstaafu aliyezeekea kwenye gereji, aje aangalie breki. Mzee akaingia, akaushika usukani kwa vidole viwili. Akakata kulia mpaka mwisho. Akakata kushoto. Akarudia. Akashuka bila kusema neno, akachungulia chini.

"Shikamoo mzee," kijana akasogea.

"Marahaba ng'wanawane. Nani kakurudishia hii?"

"Mimi mwenyewe mzee."

"Umejitahidi. Lakini gari lako linajua kwenda Bugando, kurudi halijui."

Maana yake ilikuwa hii. Stelingi boksi ina mwanzo na mwisho wake ndani, na katikati yake. Matairi nayo yana kikomo chao cha kukata kulia na kushoto. Hizi katikati mbili lazima zikutane. Kijana alifunga mkono boksi likiwa limeegemea upande mmoja, kwa hiyo upande wa kulia tairi lilifika kwenye kikomo chake vizuri, lakini kushoto boksi lilifika mwisho kwa ndani kabla tairi halijamaliza kukata. Dereva anahisi usukani umegonga ukuta. Akiwa anageuza uani, anarudi nyuma anajipanga upya. Akiwa anateremka kona kali, akavuta kwa nguvu zote mtu aliyeshtuka, ile nguvu yote inaishia kwenye nati na gololi ndani ya boksi, vitu ambavyo havikuumbwa kuwa kizuizi. Siku vikikatika, usukani unazunguka kama wa gari la watoto la bembea na Land Rover ya zaidi ya tani moja na nusu inakwenda inakotaka.

Tiba yake haina uchawi, ila haitaki haraka. Mbele ya gari inanyanyuliwa kwa jeki, inawekwa kwenye stendi za chuma (matofali ya kuchoma achia wajenzi). Mkono wa stelingi unafunguliwa kwa puli, fimbo zikiwa zimeachwa huru. Sasa boksi liko peke yake. Unazungusha usukani taratibu mpaka unapohisi mwisho, bila kulazimisha, kisha unahesabu mizunguko mpaka mwisho wa pili. Tuseme umepata mitatu na nusu: rudi mmoja na robo tatu, hapo ndipo katikati. Tia alama kwa patasi. Halafu nyoosha matairi, yaangalie mbele sawasawa, na ndipo mkono urudi kwenye meno yake bila kuligusa boksi. Usukani ni wa mwisho kabisa kuvaa. Kama fimbo hazifikiani, urefu unarekebishwa kwenye fimbo zenyewe, zina uzi wa kulia upande mmoja na wa kushoto upande mwingine, unazungusha katikati zinarefuka au zinafupika. Matairi ya mbele yawe yameangalia ndani kidogo sana, kama milimita moja hadi mbili hivi. Ukiona tairi linalika upande mmoja kama mhindi uliotafunwa na panya, hapo hapajakaa sawa.

Na nyundo? Hapa mzee alikuwa mkali. Vijana wengi usukani ukigoma kutoka wanaigonga ncha ya shafti. Kumbuka fimbo ni moja mpaka kwenye gololi, kwa hiyo unapogonga juu, kinachoumia kiko chini, na hutakijua leo. Utakijua baada ya miezi, usukani utakapoanza kuwa na mahali pagumu na mahali palegevu. Tafuta puli. Kama huna, kodi, wenye nazo wapo.

MSUMARI WA INCHI MBILI

Mzee alipochungulia chini aliona na jambo jingine, na hili ndilo lililomfanya avue kofia. Kwenye bolijointi moja, mahali pa kotapini, palikuwa na msumari wa inchi mbili uliokunjwa. Siyo kazi ya kijana, ulikuwepo tangu enzi za marehemu. Kwamba mzee wake aliendesha miaka yote ile huku roho ya familia imening'inia kwenye msumari wa kupigilia kenchi, hiyo ilimkalisha kijana chini kimya kwa muda.

Kotapini ni kitu cha bei ya pipi. Kazi yake moja tu, kuzuia nati isifunguke kwa mtikisiko. Msumari una kutu ndani na haujai tundu, unacheza, unakatika. Waya wa kufungia mabati nao vile vile. Zile nati zenye nailoni ndani nazo, ukishazifungua usizirudie, nailoni imeshachoka. Nati ya mkono wa stelingi ina bati lake la kukunjwa ili lisiruhusu nati kulegea, nalo wengi wanalitupa wakidhani ni washa ya kawaida. Kote humu kuna kitu kidogo kinacholinda kikubwa, na ndicho kinachoachwa chini ya gari wakati mtu anakimbilia kupiga picha.

Kuchomelea je? Mchomeleaji alifanya kazi safi kwenye ukuta, na akauliza kama awapigie "kauzi" kwenye mkono wa stelingi uliokuwa na ufa mwembamba. Mzee akakataa katakata. Vyuma vya stelingi vimepikwa kwa joto maalumu viwe vigumu bila kuwa dhaifu, ukivichoma moto wa weldingi unavipika upya bila kujua vimeivaje. Chenye ufa kinakwenda kwenye mizani. Hapo ndipo jamaa wa vyuma chakavu anapofaa.

Kijana akatafuta kingine cha mtumba. Akaletewa mzigo mzima, shafti na boksi, umetokea upande wa Rusumo, bei ya kutupa. Nusura alipe. Mzee akauliza gari lile lilikuwa na usukani upande gani. Rwanda na Burundi wanaendesha kulia kwa barabara, usukani uko kushoto. Ukuta wa 109 umetengenezwa ukiwa na nafasi pande zote mbili, ndiyo maana watu wanadanganyika, lakini boksi la kushoto na la kulia si pacha. Mshiko ukarudi mfukoni. Mkono wa upande sahihi ulipatikana wiki iliyofuata.

Ile rilei niliyoitaja, kwenye boriti ya mbele, waliiacha kama ilivyo baada ya kujaza mafuta. Ndani yake kuna springi nene iliyobanwa kwa nguvu nyingi. Mtu asiyejua akiifungua uani, springi inaruka na vyuma vyake, na kama uso wako uko juu yake, mengine utasimuliwa hospitali. Kama haivuji na haijakaza, msalimie upite. Kama lazima ifunguliwe, mpe anayejua, na yeye utamuona anaifunga kwa kamba na kibano kabla hajaigusa.

Stelingi boksi nalo linataka mafuta ya gia, namba 90. Likivuja, badilisha sili.

MKUKI KIFUANI

Kuna swali kijana aliuliza ambalo wengi hatulifikirii. Kama shafti ni fimbo moja ya chuma, gari likigonga mbele inakwenda wapi? Inarudi nyuma, kwa dereva. Kwa miaka mingi duniani kote ndivyo ilivyokuwa, na madereva wengi walikufa kwa kuchomwa kifua na usukani wao wenyewe. Mercedes-Benz walisajili shafti ya usalama mwaka 1963, kazi ya mhandisi Béla Barényi, General Motors wakaanza kufunga shafti zinazojikunja kwenye magari ya mwaka 1967, na Marekani ikaweka sheria kuanzia Januari 1968 kwamba usukani usirudi nyuma kupita kiasi kwenye ajali. Gari lako la Kijapani lina shafti inayojikunja yenyewe ikisukumwa. Ndiyo maana ukiifanyia kazi usiipige nyundo wala kuichomelea, utaigeuza mkuki bila kujua. Na kama lina begi la hewa ndani ya usukani, toa waya wa betri kwanza, subiri, na kama hujawahi kufanya, usijifunzie pale.

Mwenye Corolla au mdogo wake anayetaka kurudisha shafti nyumbani, kikwazo chake kikubwa ni ile bolti inayobana jointi. Shafti ina mfereji, na bolti lazima ipite kwenye mfereji ule. Ikipita, hata ikilegea kidogo shafti haichomoki. Ukiona bolti inagoma kupita, maana yake shafti haijaingia yote. Usitafute bolti nyembamba.

Turudi kwa 109. Series III ina loki ya usukani pamoja na swichi ya ufunguo, tofauti na ndugu zake wa kabla ya 1971 ambao ufunguo ulikuwa kwenye dashibodi. Sasa sisi tuna tabia moja, ukianza kuteremka unazima injini ili kubana mafuta, wengine wanachomoa na ufunguo kabisa. Kwenye gari la zamani kidogo ulibaki na usukani wako. Kwenye hii ukichomoa ufunguo umejifunga pingu, unateremka na gari lisilokata kona. Mzee aliijaribu loki ile mara nyingi, ufunguo ndani, ufunguo nje, mpaka akaridhika kwamba ulimi wake unarudi wote na haubaki umechungulia. Ungebaki, alisema, angeiondoa kabisa na wezi waje.

Jaribio lilifanyika kwa hatua. Kwanza gari likiwa juu ya stendi, kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, mtu mmoja kwenye usukani na mwingine chini akishika kila jointi kwa kiganja kuhisi kama inacheza. Halafu uani, mwendo wa kutembea. Halafu uwanja wa wazi, breki za ghafla, kona za nane. Kisha nati zote zikakaguliwa tena upya, maana bolti mpya kwenye bati jipya hujikalisha na kulegea kidogo. Mbili zilikuwa zimelegea. Barabara kubwa ilisubiri mkaguzi wa magari wa polisi, na kusema kweli hapo ndipo kijana alitoka jasho kuliko siku zote.

Tarehe 22 Desemba Land Rover ilitoka getini. Shangazi yule wa kuku alikaa mbele, kitenge kipya, akataka apelekwe mpaka Kirumba aonekane. Walikwenda, wakarudi, na kurudi lilijua. Kuku wamehamishiwa kwenye kibanda cha mbao nyuma ya choo.

Honi haijalia mpaka leo. Kitufe chake kilipotea wakati wa ile kazi ya kwanza, na vya Series III mjini hapa vimekuwa adimu. Mwenye nacho, kijana anapatikana Makoroboi mchana kutwa, ulizia mwenye kucha nyeusi.